Wana wa Abdallah

Msomaji mpenzi, kama ungalipewa daftari la zamani la ndoa za Kiislamu za Nairobi, la miaka ya 1920 au 1930, ukaambiwa uchore shajara ya nasaba ya watu walioandikwa humo, ungalidhani siku ya kwanza kwamba kazi hiyo ni nyepesi. Ungalimwona Halima binti Abdallah, kisha Mariamu binti Abdallah, kisha Juma bin Abdallah, wote wakaaji wa Pangani au wa Pumwani. Ungalimwandika Abdallah juu ya karatasi, na chini yake ungaliwapanga wanawe mstari mmoja. Siku ya pili ungaliongeza wengine sita. Kufikia mwisho wa juma Abdallah angalikuwa na watoto wengi kupita sultani, na hapo ndipo ungalianza kushuku.

Ungalikuwa na haki ya kushuku, maana Abdallah huyo hakuwapo. Maana ya jina lenyewe ni mtumwa wa Mwenyezi Mungu, na ilikuwa desturi kwamba mtu asiyezaliwa katika Uislamu, akisha kusilimu, apewe jina jipya lake mwenyewe, na mahali pa jina la baba yake asiye Mwislamu pawekwe Abdallah. Halima huenda alizaliwa Ukambani, Mariamu Kiambu, na Juma akaja kutoka Unyamwezi na msafara. Hawakuwa na babu mmoja wala lugha moja ya nyumbani. Kalamu ya karani ndiyo iliyowafanya ndugu.

Yafaa tujue kwanza watu hao walifikaje hapo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, mahali palipokuwa na maji baridi na majani tu. Mara wakaja wafanya kazi, wapagazi, askari, wachuuzi na wanawake waliokimbia njaa au ndoa wasizozitaka, wakajenga vijiji vyao pembeni mwa mji: Pangani, Mombasa, Maskini na vingine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya mji ikapima mtaa mmoja wa Waafrika upande wa mashariki, ndio Pumwani, na mapema katika miaka ya 1920 watu wakaanza kuhamishiwa huko. Pangani ilistahimili kwa muda. Ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Katika Pumwani ardhi ilikuwa mali ya mji, bali nyumba ilikuwa mali ya aliyeijenga. Na wengi miongoni mwa waliojenga, msomaji, walikuwa wanawake.

Jambo hili la wanawake wenye nyumba ndilo linalofanya nasaba za Pumwani kuwa kitu cha maana kuliko mchezo wa kuchora mistari. Mwanamke wa Kikuyu au wa Kikamba wa siku zile hakumiliki shamba kwao. Shamba lilikuwa la ukoo wa baba au wa mume. Mjini aliweza kuuza pombe, kupika chakula, kupokea wageni, kuweka akiba, na kujenga nyumba ya udongo yenye vyumba sita vya kupangisha. Je, akifa, nyumba ni ya nani? Akiwa amefuata mila ya kwao, kaka zake watatelemka kutoka kijijini na kuichukua. Akiwa amesilimu, mambo hugeuka. Sheria ya Kiislamu humtambua mwanamke kuwa mmiliki kamili wa mali yake, na katika sheria hiyo asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Kaka aliyebaki Murang'a na imani yake ya zamani hana fungu. Sisemi kwamba wanawake wale walisilimu kwa ajili ya nyumba. Imani ya mtu haipimwi na mwingine, na wengi waliishi na kufa wakiwa wacha Mungu wa kweli. Nasema tu kwamba waliijua sheria, na waliitumia kwa akili.

Sheria hiyo hiyo ina mlango wa pili. Mtu aweza kuacha wasia kwa asiye mrithi wake, lakini wasia huo haupiti theluthi ya mali. Zilizobaki hugawanywa kwa ndugu wa damu na wa ndoa kwa mafungu yaliyokwisha wekwa. Wanawake wengi wa Pumwani hawakuwa na watoto wa kuwazaa, ila walikuwa na wasichana waliowalea, waliofika mjini peke yao wakapokewa, wakafundishwa kazi na kuitwa wanangu au dada zangu. Kwa hiyo kila mwenye nyumba alipofariki swali lilikuwa moja, nalo lilikuwa gumu: nani ni nani? Aliyeitwa mwana alikuwa mwana kweli? Aliyeitwa dada alikuwa dada wa tumbo gani?

Swali gumu namna hiyo liliulizwa pia na serikali, tena kwa haraka na bila ya adabu. Sheria ya kuandikisha Waafrika wanaume ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita, mnamo 1919 na 1920. Kila mwanamume aliyetimu miaka kumi na sita alipewa kipande, karatasi yenye jina lake, mahali atokapo, alama za vidole vyake na habari za waajiri wake, akaivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha bati. Mwanahistoria wa leo hukitazama kipande kama hazina. Aliyekivaa alikiona kama kengele ya mbuzi, na mtu aliyevishwa kengele hajisumbui kumsaidia karani aandike sawasawa. Wengine waliacha kipande kimoja kwa mwajiri mkali wakatafuta kingine kwa jina jingine. Wanawake hawakupewa kipande. Basi aliyeipendelea karatasi ya serikali tu angeweza kuamini kwamba katika Nairobi ya zamani hapakuwa na mama wala dada.

Hata aliyetaka kusema kweli alinaswa na neno. Karani aliuliza, "Baba yako ni nani?" Katika lugha zetu nyingi, ndugu wa kiume wa baba yangu ni baba yangu, mkubwa au mdogo, na mwanawe ni ndugu yangu, si mtoto wa jirani. Kijana aliyefiwa na baba akalelewa na baba mdogo atamtaja yupi? Na mambo huzidi kufungamana tukikumbuka desturi za kumwangalia mjane. Kwa Wajaluo, mjane akiingiwa na shemeji yake, watoto wazaliwao huhesabiwa kuwa wa marehemu. Hivyo mwana aweza kuzaliwa miaka mitano baada ya kufa baba yake, wala hapana anayeshangaa ila karani. Kwa Wakamba, mwanamke asiyejaliwa mtoto aweza kutoa mahari na kuoa mke, ili watoto wa mke huyo wawe wa nyumba yake. Haya yote si fujo. Ni utaratibu kamili, wenye sheria zake. Ila haukuwa na nafasi katika safu za daftari.

Mfano ulio maarufu kuliko yote unatoka karibu na Nairobi. Mwaka 1909 kijana mmoja wa Kikuyu alifika katika kituo cha misheni ya Kanisa la Uskoti huko Thogoto, mahali ambapo jina lake lenyewe ni neno la Waskoti lililopita katika kinywa cha Kikuyu. Alijulikana kwa jina la Kamau wa Ngengi. Lakini baba aliyemzaa aliitwa Muigai. Muigai alipofariki, ndugu yake Ngengi alimchukua mjane, Wambui, akamzalia mtoto wa kiume, na mtoto huyo akaitwa Muigai kwa jina la marehemu. Tazama sasa, msomaji: mtu mwenye baba aitwaye Muigai anaitwa mwana wa Ngengi, na mwana wa Ngengi anaitwa Muigai. Mgeni asiyejua mila angeapa kwamba karani amekosea mahali. Mwaka 1914 kijana yule alibatizwa Johnstone. Baadaye akajiita Kenyatta, na mwaka 1922 alikuwa akifanya kazi katika idara ya maji ya mji wa Nairobi. Kama nasaba ya rais wa kwanza wa nchi yahitaji maelezo marefu namna hiyo, usione haya ikiwa ya kwenu inakutatiza.

Nimewataja Waskoti, na ningependa kukaa nao kidogo, maana wao ni mabingwa wa kutafuta wazee wao, na katika vitabu vyao kuna fundo zinazofanana na zetu mno. Kabla ya mwaka 1855 serikali ya Uskoti haikuandikisha vizazi. Kazi hiyo ilikuwa ya makasisi wa parokia. Daftari la parokia la kale kuliko yote, la mahali paitwapo Errol, lilianza mwaka 1553. Lakini kuandika kulitegemea bidii ya karani wa kanisa, na wengine walikuwa wavivu, na madaftari mengine yakaliwa na unyevu na panya. Mwaka 1783 serikali ya London ikaweka ushuru wa senti chache kwa kila jina lililoandikwa. Matokeo ungeweza kuyatabiri wewe mwenyewe: maskini wakaacha kuandikisha watoto, na mpaka ushuru ulipoondolewa mwaka 1794 watu wengi walizaliwa wasionekane katika kitabu. Huku kwetu, kodi ya nyumba ilipoanza katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, watu walijikusanya wengi katika nyumba moja ili zihesabiwe nyumba chache. Masikini wa Uskoti na masikini wa Kenya hawakupata kuonana, ila walikuwa na maoni mamoja juu ya karani.

Hata Abdallah tunamkuta kule. Katika milima ya kaskazini ya Uskoti neno "Mac" lina maana ya mwana wa, kama bin kwetu. Mtu akiona MacDonald elfu moja katika bonde moja atadhani wote ni wa damu moja. Sivyo. Wengi walikuwa wapangaji na wafuasi tu, waliokaa katika ardhi ya mkuu wa ukoo, wakalichukua jina lake kwa heshima au kwa kutaka ulinzi wake.

Nalo fundo la tatu ni la majina yanayorudi. Waskoti walikuwa na desturi ya kumwita mwana wa kwanza kwa jina la baba wa baba, na wa pili kwa jina la baba wa mama. Nadhani Wakikuyu wanaosoma ukurasa huu wamekwisha tabasamu, maana desturi hiyo ni yao vilevile; tofauti iko kwa binti, ambaye kwa Waskoti mara nyingi wa kwanza alikuwa wa mama wa mama, na kwa Wakikuyu ni wa mama wa baba. Faida yake ni kwamba ukiyajua majina ya watoto kwa mfuatano wa kuzaliwa waweza kukisia majina ya babu na bibi kabla ya kuyakuta popote. Hasara yake ni kwamba ndugu watano, kila mmoja akizaa mwana, watakuwa na wana watano wenye jina moja, umri mmoja na kijiji kimoja. Ukiwakuta wote wamepanga Bahati au Makadara, na kila mmoja anadai barua ile iliyoletwa ni yake, utafanya nini? Waskoti walitumia lakabu. Nasi pia; nani katika mitaa yetu hajulikani kwa lakabu kuliko kwa jina la kitambulisho?

Ziko nasaba nyingine zisizoweza kupanda juu zaidi ya mahali fulani, kwa kuwa pale juu palikatwa kwa ukatili. Mtaa wa Mbotela unaitwa kwa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa Nairobi mwezi wa Novemba 1952. Baba yake alikuwa mwalimu James Juma Mbotela, mwandishi wa kitabu cha Uhuru wa Watumwa kilichotoka mwaka 1934, na James alizaliwa na watu waliookolewa katika utumwa wakawekwa Freretown, karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875. Katika Freretown watu walipewa majina ya wamisionari, ya wafadhili wa Uingereza, au ya Biblia. Mtoto aliyenyakuliwa akiwa mdogo aliweza kusahau jina la mama yake, na hapana daftari duniani lingeweza kumkumbusha. Kila mara nionapo jina la Mbotela juu ya kibao cha basi nafikiri kwamba hilo angalau si jina la mfadhili.

Wengine walikatwa na vita. Kariakor ni jina la kikosi cha wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918, na mahali pale palikuwa kambi yao. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa ugonjwa wa tumbo na uchovu kuliko kwa risasi. Mshahara wa marehemu ulipaswa kwenda kwa jamaa zake. Lakini jamaa gani? Karani aliandika jina alilolisikia, kwa herufi alizozijua. Mpagazi mwenyewe huenda alitaja jina la rika au la utani. Kijiji kikaandikwa kwa jina la chifu aliyemkamata. Mikoba ya fedha ilibaki bila wenyewe, na baada ya mabishano ya miaka mingi jamaa wengi hawakupata kitu. Ndiyo maana siwezi kukubali msemo wa wale wasemao kwamba herufi moja iliyokosewa ni jambo dogo.

Baadaye karatasi zenyewe ziliteswa. Mwaka 1939 moto uliunguza nyaraka nyingi za serikali mjini Nairobi. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi, yakawakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu. Jamaa zikatawanyika kambini na vijijini, na waliobaki mjini wengine walijificha nyuma ya majina ya makabila yasiyotafutwa. Mtoto aliyeandikwa shuleni mwaka ule kwa jina la kuazima aweza kuwa nalo hata leo, na wajukuu wake pia. Uandikishaji wa vizazi nao, ingawa sheria yake ilikuwapo tangu 1928, ulienea polepole, mpaka ukawa wa lazima nchini pote mwaka 1971. Hospitali ya wazazi ya Pumwani ilikuwa imefunguliwa tangu 1926, basi wazaliwa wa mitaa ya mashariki mara nyingi wana bahati kuliko wenzao wa mashambani. Lakini bahati hiyo haivuki ng'ambo ya mama.

Kama unataka kujaribu kazi hii, usianze na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ingawa jengo lake liko karibu na kituo chako cha basi. Anza na mzee, na hasa bibi kizee. Mwulize si "Baba yako ni nani?" bali "Nani alikuzaa, nani alikulea, nani alikupa jina, na jina hilo lilikuwa la nani?" Hayo ni maswali manne, na mara nyingi majibu yake ni watu wanne. Andika neno lake kama alivyolisema. Akisema ndugu, usiandike kaka. Kisha ndipo uende kwenye karatasi: hati ya ubatizo, kadi ya kodi ya nyumba, kitambulisho, hati ya ndoa. Na kila karatasi iulize swali moja, kwamba aliyeiandika alitaka nini.

Nitakueleza kisa kimoja nilichokipata nyumbani kwetu. Nyanya yangu, mzaa mama, aliishi Pumwani katika nyumba ya vyumba sita ya mwanamke mmoja aliyemwita dada. Wote wawili walikuwa binti Abdallah. Mwenye nyumba alipofariki hakuacha mume wala mtoto. Jirani wakamwambia nyanya, "Nenda kwa kadhi, sema wewe ni dada yake, karatasi zenyewe zasema baba ni mmoja." Kwa sheria, dada wa damu aliye peke yake ana nusu ya mali kabla ya lolote jingine, na nyanya alikuwa na watoto wanne wa kulisha.

Katika sanduku la bati zilipatikana hati za ndoa za wote wawili. Mzee mmoja mwenye elimu hakulitazama jina la baba hata kidogo. Alitazama jina la walii, yaani aliyemwozesha bibi arusi. Binti aliyezaliwa na baba Mwislamu huozwa na baba yake, au na babu, au kaka. Asiye na jamaa wa kiume Mwislamu huozwa na kadhi. Katika hati zote mbili walii alikuwa kadhi. Basi wote wawili walikuwa wamesilimu, na Abdallah hakuwa ushahidi wa kitu. Lakini angalia, msomaji, mahali ambapo wengi hukosea: hati hizo hazikuthibitisha kwamba hawakuwa ndugu, kwa maana ndugu wawili wa damu waweza kutoka kijiji kimoja wakasilimu wote, na wote wakaozwa na kadhi. Karatasi ilikuwa imefika mwisho wake. Ikabaki kuuliza watu.

Kadhi akamwuliza nyanya mwenyewe, mbele ya wazee, jina lake la utotoni na kwao. Hapana mtu aliyekuwa hai katika baraza ile aliyeweza kumpinga lo lote ambalo angalisema. Akasema alizaliwa Machakos. Marehemu, kama wazee wawili walivyojua, alizaliwa Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo.

"Basi huyu alikuwa dada yako wa nini?" akauliza kadhi.

"Dada wa chumba," akajibu nyanya. "Nilifika kwake na kanga moja, akanifungulia."

Wale wazee wawili wakasema kwamba marehemu alikuwa amewaita wakati wa ugonjwa wake, akausia mbele yao theluthi ya nyumba kwa huyo aliyemfungulia. Theluthi ya vyumba sita ni vyumba viwili. Vinne vikakosa mrithi, vikawekwa katika mali ya Waislamu. Mama yangu alizaliwa katika kimoja cha vile viwili, kile kilichoelekea barabarani, na katika hati yake ya kuzaliwa, penye jina la mama, karani aliandika binti Abdallah.